Kabla hujasaini tiba ya umeme

Umeme wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mashine za kisasa zinazotumika kutibu wagonjwa wa akili kwa umeme, hata zikifunguliwa hadi mwisho, kwa kawaida hutoa nishati ya juli 100 hivi, kiasi kile kile kinacholiwa na taa ya wati 10 ikiwaka kwa sekunde 10. Mara nyingi hazifunguliwi hata kufika huko. Tena kinachotibu si umeme. Umeme huanzisha tu degedege ndani ya ubongo, likaenda sekunde 20 au 40, pengine likakaribia dakika moja, kisha likakoma lenyewe, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi na hajui kinachoendelea.

Mweleze hivyo mzazi wa Igoma, Mwanza, aliyeambiwa na daktari kwamba binti yake huenda akahitaji tiba hiyo. Hatasikia juli wala sekunde. Atasikia "kupigwa shoti", na shoti anayoijua yeye ni ile iliyounguza kibanda cha jirani au iliyomrusha fundi kutoka kwenye nguzo. Wenye umri mkubwa kidogo watakumbuka filamu ya Marekani ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest, ambamo mgonjwa mkaidi anaadhibiwa kwa umeme akiwa macho. Filamu nzuri sana, na sidhani kama kuna daktari mbaya aliyeichafulia tiba hii jina kama ilivyofanya yenyewe.

Familia ya namna hiyo ndiyo ninayoiandikia. Naona hofu yetu imeelekezwa pasipo. Ya kuogopa, na ya kuulizwa kwa sauti bila aibu, yako kabla ya umeme na baada yake.

Tumchukue mgonjwa wa mfano: mwalimu wa shule ya msingi, miaka 34, mama wa watoto wawili, mkazi wa Igoma, kwao ni Ukerewe. Miaka miwili iliyopita alipanda. Alikaa siku nne bila kulala na hakuonekana kuchoka, akaongea mfululizo, akachukua mkopo wa SACCOS akanunua injini ya mtumbwi ilhali nyumbani kwake hakuna mvuvi, akatangaza kwamba atajenga shule yake mwenyewe. Mtaa mzima unaikumbuka wiki ile. Safari hii ameshuka. Halii, hafanyi fujo. Amelala ameelekea ukutani wiki ya sita sasa, uji unapoa kando ya kitanda, na akisema neno ni kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila yeye.

Huo ni ugonjwa wa baipola, na kipindi hiki cha pili ni sonona ya baipola. Kupanda ndiko kunakosimuliwa, lakini kushuka ndiko kunakokula miaka ya watu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wagonjwa 146 kwa wastani wa karibu miaka 13. Takriban theluthi ya majuma yao yote yalipita wakiwa na dalili za sonona. Majuma ya kupanda hayakufika hata moja katika kila kumi.

Kwetu kushuka huko kulichelewa hata kutambuliwa kuwa ni ugonjwa. J. C. Carothers, daktari Mwingereza aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alikuwa akihesabu waliofikishwa kwake. Anayefikishwa ni yule aliyevua nguo sokoni au aliyempiga chifu. Aliyelala ameelekea ukutani kijijini, nani angempakia garimoshi kumpeleka hospitali ya vichaa? Hapa Tanganyika nako Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilijulikana kwa wenye fujo. Hadi leo kijana wa mjini akitaka kumtania mwenzake atamwambia anafaa kupelekwa "Milembe". Mtu mkimya hataniwi hivyo. Huyo huambiwa ana mawazo, au ana jini, au ameingia uvivu.

Ndiyo maana mwalimu wetu amepita kwingine kwanza. Kapelekwa kwenye maombezi, kisha kwa mganga upande wa Sengerema. Sina neno la kejeli hapa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukaonyesha kwamba karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na sonona, wasiwasi au maradhi mengine ya kawaida ya akili, wakati kwenye zahanati na vituo vya afya walikuwa robo hivi. Watu wanakwenda wanakosikilizwa.

Sasa yuko kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, tuseme katika hospitali ya rufaa, na neno "umeme" limetajwa. Swali la kwanza la familia, ambalo watu wengi hulipita kwa haraka ya kukataa au kukubali, ni hili: dawa zilizotangulia zilikuwa zenyewe?

Mara nyingi hazikuwa. Mtu aliyeshuka akifika zahanati akasema halali na hana raha, anaweza kuandikiwa amitriptilini, kidonge cha siku nyingi cha sonona. Kwa sonona ya kawaida kinasaidia. Kwa mwenye baipola, kikitolewa peke yake kinaweza kumrusha juu, akatoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye injini ya mtumbwi, na ndugu wakasema amepona. Hivyo kabla ya kusema "dawa zimeshindwa", ni lazima mtu aulize kama mgonjwa aliwahi kupanda. Anayeweza kulijibu hilo vizuri ni mume, dada au mwalimu mwenzake. Mgonjwa mwenyewe akiwa chini hukumbuka zile siku za juu kama siku pekee alizokuwa mzima.

Kisha kuna lithiamu, chumvi iliyoingizwa katika tiba hii na John Cade wa Australia mwaka 1949, na ambayo mpaka leo ni moja ya dawa chache zinazojulikana kupunguza vifo vya kujiua kwa wagonjwa wa baipola. Ni dawa nzuri yenye tabia ngumu. Kiasi kinachotibu kiko karibu mno na kiasi kinachodhuru: damu ikiwa na milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita kwa kawaida mambo ni shwari, ikipita 1.5 tunazungumzia sumu. Pasipo kipimo cha damu cha mara kwa mara, daktari anatembea gizani. Na ziwa letu lina mitego yake. Anayetoka jasho mchana kutwa mwaloni bila kunywa maji ya kutosha, anayeharisha na kutapika, au anayenunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya mgongo, wote hao lithiamu inawapanda kwenye damu bila kuongeza hata kidonge kimoja. Basi daktari mwoga, tena mwoga kwa sababu za maana, humpa mgonjwa karbamazepini au valproeti. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba valproeti ni tatizo jingine, kwa kuwa huharibu maumbile ya mtoto tumboni. Tiba ya umeme, kinyume na watu wanavyodhani, imetumika kwa wajawazito waliozidiwa.

Kama hayo yote yamejaribiwa kwa dozi na muda unaostahili, au kama mgonjwa hali wala hanywi, amekuwa kama gogo, au anataka kufa na hakuna muda wa kungoja dawa ya wiki sita, hapo tiba ya umeme ina hoja.

Chimbuko lake halipendezi. Madaktari wa Ulaya miaka ya 1930 waliamini kwamba kifafa na skizofrenia haviwezi kukaa kichwa kimoja, kwa hiyo ukimtia mgonjwa degedege unafukuza wazimu. Ladislas Meduna wa Hungaria alianza na kafuri mwaka 1934. Aprili 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini wakatumia umeme. Cerletti alikuwa amekwenda machinjioni kutazama jinsi nguruwe walivyoduwazwa kwa umeme kabla ya kuchinjwa. Nadharia yao ya kifafa ilikuwa kosa. Tiba ilibaki, na ikaonekana kwamba wanaofaidika zaidi si wale waliokusudiwa, bali watu wa sonona nzito.

Leo mambo huenda hivi. Mgonjwa hali kitu tangu usiku. Asubuhi anavuliwa meno ya bandia kama anayo, anaambiwa aende haja ndogo, na kwa akina mama kuna jambo ambalo hawaambiwi mapema: wigi litoke, na nywele zisiwe na mafuta, kwa maana vile vibati vinavyopitisha umeme vinakaa pembeni mwa paji la uso na mafuta yanazuia mguso. Anawekwa kanyula mkononi. Kipimo cha presha kinafungwa pia mguuni, juu kidogo ya kifundo. Mtaalamu wa usingizi anampa nusu kaputi, kisha dawa ya kulegeza misuli, lakini kabla dawa hiyo haijasambaa kile kitambaa cha mguuni kinajazwa upepo ili isifike kwenye unyayo. Mpira unawekwa katikati ya meno. Anapewa oksijeni. Daktari anabonyeza. Mwili wote umetulia, ila unyayo mmoja unatikisika, na vidole vyake ndivyo vinavyomwambia daktari kwamba degedege limeanza na limekwisha lini, huku muuguzi akihesabu kwa saa. Dakika kumi baadaye mgonjwa anafungua macho na kuuliza leo ni siku gani.

Hiyo hurudiwa mara mbili au tatu kwa wiki, jumla mara sita hadi kumi na mbili.

Je, inasaidia? Kwa sonona ya baipola iliyogoma kwa dawa, jaribio zuri ninalolijua ni la Norway, lililochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 73 waligawanywa kwa kura, wengine umeme, wengine dawa zilizopangwa kwa utaratibu maalumu, kwa wiki sita. Walioonyesha nafuu ya kueleweka walikuwa asilimia 74 upande wa umeme na asilimia 35 upande wa dawa. Hapo wapenzi wa tiba hii huwa wanafunga kitabu. Ukurasa unaofuata unasema kwamba waliopona kabisa, dalili zikaisha, walikuwa asilimia 35 kwa 30, tofauti ambayo haina uzito. Maana yake umeme hunyanyua, tena haraka, lakini haumalizi kazi.

Na ukiachwa hivyo hivyo mgonjwa hurudi chini. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2001, uliwafuata watu wa sonona ya kawaida waliopona kwa umeme. Waliopewa vidonge vya bandia, zaidi ya wanane kwa kila kumi waliugua tena ndani ya miezi sita. Waliopewa lithiamu pamoja na dawa ya sonona, ni wanne hivi kwa kila kumi. Kwa hiyo ile lithiamu tuliyoikwepa kwa kukosa kipimo cha damu inatungoja mlangoni tukitoka. Hospitali isiyoweza kumfuatilia mgonjwa baada ya umeme haijampa tiba, imempa mapumziko.

Kumbukumbu ndiyo gharama inayobishaniwa zaidi. Siku zile zile za tiba hupotea, hilo karibu kila mmoja hulipata, pamoja na kuumwa kichwa na taya. Wengi huanza kukumbuka mambo mapya vizuri baada ya wiki chache. Lakini wapo wanaopoteza vipande vya maisha yao ya miezi iliyotangulia, na vipande hivyo havirudi. Ernest Hemingway, mwandishi aliyewinda Tanganyika na kuandika juu yake, alipata majeraha mabaya ya kichwa Januari 1954 ndege mbili zilipoanguka naye Uganda ndani ya siku mbili, ya kwanza karibu na Maporomoko ya Murchison, ya pili Butiaba kwenye Ziwa Albert. Mwishoni mwa 1960 alitibiwa kwa umeme katika kliniki ya Mayo, Marekani. Alilalamika kwamba tiba imemfutia kumbukumbu, ambayo kwa mwandishi ndiyo mtaji, na Julai 1961 akajiua. Mwigizaji Carrie Fisher, aliyekuwa na baipola, alipitia tiba hiyo hiyo nusu karne baadaye, akasema wazi kwamba imempotezea kumbukumbu na kwamba angeirudia. Wote wawili waaminiwe. Mwalimu wa darasa la nne anayebeba majina ya watoto sabini kichwani ana haki ya kujua habari zote mbili kabla hajakubali.

Kifo? Ni nadra, kadiri ya mara mbili katika tiba 100,000, sawa na hatari ya nusu kaputi fupi yoyote. Lakini takwimu hiyo ni ya mahali ambapo usingizi unatolewa na anayejua. Katika nchi maskini za Afrika na Asia umeme umetolewa kwa miaka mingi bila usingizi wala dawa ya kulegeza misuli, watu wakivunjika mifupa na kubaki na hofu ya maisha. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2005 kwamba namna hiyo ikomeshwe. India iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo mtu wa Kanda ya Ziwa akiambiwa habari za mashine, aachane na mashine, aulizie chumba. Nani anatoa usingizi siku hiyo? Oksijeni ipo? Dawa ya kulegeza misuli inakaa wapi? Suksamethoniamu, ambayo ndiyo hutumika sana, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mji mzima, kinachohitaji TANESCO zaidi katika tiba hii ni jokofu.

Liulizwe pia jambo la vidonge anavyotumia sasa. Karbamazepini na valproeti ni dawa za kifafa, kazi yake ni kuzuia degedege, na hapa degedege ndilo linalotafutwa. Daktari atalazimika kuzipunguza. Lithiamu nayo hupunguzwa au kusimamishwa kwa muda kwa sababu inaweza kuzidisha mkanganyiko baada ya kuamka. Daktari asiyeuliza kabisa mgonjwa anameza nini, mimi ningechukua faili nikatafuta mwingine.

Bado hatujafika kwenye nauli. Mgonjwa anayetoka Nansio hawezi kupanda meli ya Ukerewe mara mbili kila wiki, kwenda na kurudi, na kichwa kinachouliza leo ni siku gani. Atahitaji nyumba ya ndugu mjini kwa mwezi mmoja na mtu wa kushinda naye. Asiendeshe bodaboda, asipike peke yake kwenye mkaa siku ya tiba, na asiwekewe karatasi yoyote ya kutia sahihi. Nimelisisitiza hilo la mwisho kwa sababu viwanja Mwanza vimepanda bei.

Inabaki nani aamue. Kwa kawaida ukoo unaketi. Baba mkubwa anakuja kutoka Magu, shangazi kutoka Kisesa, mchungaji anaalikwa, na mgonjwa analetwa ukumbini akiwa amefunikwa kanga, hana nguvu hata ya kusema ndiyo. Kikao cha namna hiyo kinaweza kuwa na upendo mwingi na bado kikakosea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa wa mwaka 2023 hauachi mwanya: tiba hii isitolewe bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, iliyoandikwa na iliyoelezwa akaelewa. Sahihi ya mjomba haitoshi.

Juu ya hayo kuna woga mwingine, usiosemwa kikaoni. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia nyingi zinaogopa kumwambia daktari kwamba mgonjwa alishajaribu, na bila habari hiyo daktari hajui kwamba hana wiki sita za kungoja. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo ni kinyume cha katiba yao. Sisi bado. Hata hivyo mwambieni daktari. Anayetaka kufa leo anapelekwa hospitali leo, na wala haachwi peke yake njiani.

Lakini baipola ina jambo moja ambalo maradhi mengi ya akili hayana, nalo tunalipuuza. Inaondoka. Kati ya kupanda na kushuka kuna miezi, wakati mwingine miaka, ambapo mwalimu huyu anasahihisha madaftari, anasuluhisha mawifi, anasimamia mtihani. Huo ndio wakati wa kumuuliza. Kikao kiitwe akiwa mzima.

"Shikamoo baba mkubwa," angeanza yeye mwenyewe, akiwa na daftari mkononi. "Nimewaita niwaambie ninavyotaka nikizidiwa."

"Marahaba mwanangu. Hayo maneno ya kuzidiwa ya nini sasa?"

"Yatarudi, baba. Nimeshaambiwa, na mimi mwenyewe najijua."

Na angesoma. Lithiamu kwanza, na mtu wa kunipeleka kupimwa damu. Nikiacha kula siku tatu, hospitali, msiningoje nikubali. Umeme nimeukubali, ila kwa usingizi na kwa upande mmoja wa kichwa kwanza, kwa sababu daktari ameniambia namna hiyo haigusi sana kumbukumbu. Baada ya mara ya sita muulizeni daktari kama kuna nafuu. Kama hakuna, mzungumze naye upya. Majina ya wanafunzi wangu nimeyaandika kwenye daftari hili, dada analo. Simu yangu akae nayo dada, na mkopo usichukuliwe kwa jina langu.

"Na watoto?" shangazi angeuliza.

"Watoto Kisesa kwako, shangazi, kama utaridhia. Ila waambiwe mama anaumwa yuko hospitali. Wasiambiwe nimesafiri."

Nakala moja kwenye faili la hospitali, nyingine kwa mume, ya tatu kwa dada. Halafu wagawane siku: Jumanne mjomba wa Nyakato ashinde na mgonjwa, Ijumaa shemeji, na nauli ya wiki ya kwanza itolewe pale pale kabla watu hawajainuka.